Nani alimfundisha bakteria kula rangi?

Nimekuwa kimya wiki mbili, mnajua wenyewe, tesiti zimepangana kama daladala za Mwenge saa kumi na mbili jioni. Leo nimepumua kidogo, na nataka kuandika juu ya kitu ambacho lekcha aliyetufundisha alikipitia kwa dakika tatu: bakteria wanaoondoa rangi za viwandani kwenye maji taka. Slaidi moja, mchoro mmoja, halafu "mengine mtajisomea". Basi nimejisomea. Kumbe habari hii ina historia tamu kuliko kozi yenyewe. Ndani yake kuna malaria, kuna mkutano wa Berlin, kuna panya wasio na kijidudu hata kimoja tumboni. Na kuna swali moja linalotuhusu hapa hapa Dar: maji yakipoteza rangi, ndiyo yamekuwa safi?

Tuanze 1856. Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, yuko nyumbani kwao London likizo ya Pasaka. Mwalimu wake, Mjerumani August Wilhelm Hofmann, amewahi kusema ingekuwa jambo kubwa kama mtu angeweza kutengeneza kwinini maabara. Kwinini ilikuwa inatoka kwenye magome ya mti tu, na Waingereza na makoloni yao waliihitaji sana kwa sababu ya malaria. Dogo akajaribu kwenye kimaabara chake cha nyumbani, akitumia vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakupata. Alipata masizi meusi, na aliposafisha chombo kwa spiriti akaona zambarau inang'aa. Mwaka uliofuata yeye, baba yake na kaka yake walikuwa wanajenga kiwanda huko Greenford, pembeni ya mfereji. Januari 1858 malkia Victoria alivaa rangi hiyo ya zambarau kwenye harusi ya binti yake, na habari ikaishia hapo: kila mtu Ulaya akaitaka. Yaani ukifuatilia ukoo wa rangi zote za viwandani, bibi yao ni malaria. Sisi tunaoumwa kila msimu wa mvua tungepewa hata asilimia kidogo ya faida, au sio?

Mwaka huo huo wa 1858, Mjerumani mwingine, Peter Griess, aligundua mmenyuko uliofungua njia ya kuunganisha molekuli kwa atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana mikono miwili. Hiyo ndiyo kamba ya azo. Ishikeni hiyo kamba maana hadithi yote inaning'inia hapo. Rangi zilizotengenezwa kwa njia hiyo zinaitwa rangi za azo, na leo ndizo zaidi ya nusu ya rangi zote za viwandani duniani. Njano, chungwa, nyekundu, kahawia, nyeusi, nyingi ni za huko. Ile kamba ndiyo inayofanya molekuli ionekane na rangi. Ukiikata, rangi inakufa. Kumbukeni nimesema rangi, sijasema sumu.

Mito ya Ulaya iliumia mapema sana. Mwaka 1864 kule Basel, Uswisi, watu waliugua kwa sababu aseniki iliyotumika kutengeneza rangi ya majenta ilipenya ardhini na kuingia kwenye maji ya kisima. Manchester, mji wa pamba, mto Irwell ulikuwa unapokea maji ya viwanda vya kutia rangi bila kuuliza. Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito mwaka 1876, sheria yenye mianya mingi kwa wenye viwanda. Sitakaa sana hapo.

Ninapotaka kukaa ni Berlin. Mwaka 1883 mkemia aitwaye Paul Böttiger, aliyekuwa kampuni ya Bayer, alipata rangi nyekundu yenye sifa moja ya ajabu: ilishika pamba moja kwa moja. Kabla ya hapo ili rangi nyingi zikae kwenye pamba ulihitaji kwanza kuloweka kitambaa kwenye dawa ya kushikisha, kazi ndefu na ya gharama. Hii ilitaka maji ya moto na chumvi, basi. Böttiger akaiandikisha hataza kwa jina lake mwenyewe, akaiuzia kampuni ya AGFA ya Berlin. Sasa waiite nini? Wakati huo huo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa mji huo huo chini ya Bismarck wakigawana bara letu, na magazeti yote yalikuwa yanasema Kongo, Kongo, Kongo. AGFA wakaona jina hilo litauza. Mwaka 1885 rangi ikaingia sokoni ikiitwa Nyekundu ya Kongo.

Haikutoka Kongo. Haina mmea wa Kongo, haina madini ya Kongo, hakuna Mkongo hata mmoja aliyeulizwa, kama ambavyo hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye ile meza. Jina lilichukuliwa kama walivyochukua vingine. Na hadi leo ukiingia maabara yoyote duniani, hata zetu, utaikuta kwenye kabati kwenye kichupa. Ukiitilia ndimu inageuka bluu. Tena watafiti wengi wakitaka kuonyesha kwamba bakteria wao anakula rangi, wanamjaribisha kwa hiyo hiyo Nyekundu ya Kongo. Mimi kila nikisoma ripoti ya namna hiyo nawaza ile meza.

Rangi hiyo ina jambo lingine. Imeundwa kwa benzidini, na ukiikata zile kamba zake unaipata benzidini yenyewe. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alitangaza kwamba ameona kansa ya kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Miaka iliyofuata ilidhihirika kwamba benzidini na ndugu zake, yale yanayoitwa amini za aromatiki, ni miongoni mwa wakosaji wakubwa. Wekeni hilo pembeni, tutalirudia.

Wakati viwanda vinamwaga, wanabaiolojia nao walikuwa wanazifurahia rangi hizo hizo. Robert Koch mwaka 1882 aliwaona bakteria wa kifua kikuu kwa kuwapaka bluu ya methilini. Mwaka 1884 Hans Christian Gram akaja na ile njia yake ambayo kila mmoja wetu amepakwa nayo vidole zambarau kwenye praktiko. Paul Ehrlich akawaza mbele zaidi: kama rangi inamshika mdudu na kumwacha mgonjwa, si tunaweza kuitumia kumuua mdudu? Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga wakatangaza rangi nyekundu ya azo iliyoponya panya wenye vimelea wa jamii ya wale wa malale. Kwa hiyo rangi zilianza kwa kutuonyesha bakteria, zikaenda kwenye kujaribu kuua vimelea. Zamu ya bakteria kujibu ilikuwa bado.

Jibu lao la kwanza lilikuja bila mtu kulitegemea, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1932 wakemia wawili wa Bayer, Josef Klarer na Fritz Mietzsch, walitengeneza rangi nyekundu ya azo. Mwenzao Gerhard Domagk akaijaribu kwa panya walioambukizwa bakteria hatari aina ya streptokoki. Panya waliopewa rangi wakapona, wasiopewa wakafa. Dawa ikatangazwa 1935 kwa jina la Prontosil. Ilikuwa dawa ya kwanza kutibu maambukizi ya namna hiyo yaliyoenea mwilini, miaka kabla penisilini haijafika hospitalini. Domagk alipewa Nobeli mwaka 1939, serikali ya Hitler ikamlazimisha aikatae.

Lakini kulikuwa na kitendawili. Ukiweka Prontosil kwenye chupa ya maabara pamoja na bakteria, hakuna kinachotokea. Wadudu wanaogelea tu. Ndani ya panya inaua. Inakuwaje? Mwaka huo huo wa 1935, Taasisi ya Pasteur ya Paris, Jacques na Thérèse Tréfouël pamoja na Federico Nitti na Daniel Bovet walikifumbua: mwili unaikata ile kamba ya azo, rangi inavunjika vipande viwili, na kipande kimoja kisicho na rangi yoyote, salfanilamidi, ndicho kinachoua bakteria. Ile nyekundu iliyotafutwa kwa bidii yote ilikuwa mapambo. Mbaya zaidi kwa Bayer, salfanilamidi ilikuwa imeshatengenezwa tangu 1908, na hataza yake haikuwa na nguvu tena. Kila mtu akaanza kuitengeneza. Dawa zote za salfa, pamoja na Septrini na ile SP wanayopewa mama wajawazito kliniki, zina ukoo hapo. Angalieni safari: kijana anatafuta kwinini anapata rangi, rangi inazaa dawa, dawa inarudi kwenye malaria.

Nani hasa anaikata kamba mwilini? Ini linahusika. Lakini mafundi wakubwa wapo utumbo mpana, mahali pasipo na oksijeni. Mwaka 1972 Peppercorn na Goldman walilionyesha hilo kwa dawa nyingine ya jamii ya azo, salfasalazini. Waliwapa panya wa kawaida, wakaivunja. Wakawapa panya waliolelewa bila bakteria wowote, ikapita bila kukatwa. Kwa lugha nyepesi: kazi ni ya wapangaji, si ya mwenye nyumba.

Sasa rudini kiwandani. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, Manchester hiyo hiyo, walitangaza njia ya kusafisha maji taka kwa kupuliza hewa kwenye tope lenye bakteria. Njia hiyo imeenea dunia nzima na kwa kinyesi na mabaki ya chakula ni mwisho wa matatizo. Kwa rangi za azo ikagoma. Maji yaliingia mekundu, yakatoka mekundu. Sababu ukishaielewa ni rahisi mno: kukata kamba ya azo kunahitaji elektroni nne, na bakteria akiwa na oksijeni karibu, elektroni zake anaipa oksijeni kwanza. Rangi inasubiri foleni ambayo haifiki mwisho. Ile hewa tunayoipuliza kwa gharama kubwa ndiyo inayoilinda rangi! Mtu aliyesoma habari za utumbo wa panya angelijua hilo mapema, lakini watu wa dawa na watu wa maji taka hawasomi majarida ya wenzao. Hata hapa chuo ni hivyo hivyo, majengo mawili jirani na hakuna anayevuka barabara.

Tatizo likawa kubwa zaidi mwaka 1956, miaka mia kamili baada ya Perkin, kampuni ya Uingereza ya ICI ilipoleta sokoni rangi zinazojifunga na pamba kikemia kabisa. Nguo haichuji. Wateja wakafurahi, na haki yao. Ila sehemu ya rangi, kwa baadhi ya aina hata zaidi ya theluthi moja, inagombana na maji badala ya pamba, na ikishaharibika hivyo haishiki tena. Yote hiyo inaenda mtaroni pamoja na chumvi nyingi. Na macho yetu ni makali: hata miligramu moja kwenye lita nzima ya maji unaweza kuiona.

Ndipo watu wakaanza kuwatafuta bakteria kwa makusudi. Wajapani walikuwa mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Horitsu, Idaka na wenzao walichapisha habari za Bacillus subtilis na Aeromonas hydrophila wanaovunja misombo ya azo. Uswisi, wao walikuwa na subira ya ajabu. Walimlea bakteria kwenye chombo kwa muda mrefu, wakimpunguzia chakula kingine na kumwachia rangi, mpaka akazoea kuila hata penye hewa. Mwaka 1982 Zimmermann, Kulla na Leisinger wakaeleza kimeng'enya walichokisafisha kutoka kwa Pseudomonas waliyemwita KF46. Ushindi, lakini wenye masharti. Kimeng'enya kile kilikuwa kinachagua kama bibi harusi: badilisha kipande kidogo tu cha molekuli ya rangi, kinakataa. Kiwanda cha nguo kinabadilisha rangi kila siku kufuata mitindo, utamlea bakteria gani mpya kila Jumatatu?

Wajerumani wa Stuttgart walikuja na njia iliyo karibu zaidi na maisha halisi. Walikuwa na jamii ya bakteria kutoka mto Elbe, mto uliozoea kubeba taka za viwanda vya kemikali, na mmoja wao aliitwa BN6. Mwaka 1991 walichapisha jaribio lao: kwanza walifunga hewa, rangi moja ya njano ikakatwa. Halafu wakaingiza hewa, na bakteria wakavila vile vipande mpaka vikaisha. Matangi mawili, tabia mbili. Baadaye, mwaka 1997, wakaonyesha jambo lililoniacha hoi. Rangi nyingi haziwezi hata kuingia ndani ya bakteria, zina chaji na ngozi ya seli inazikataa. Kumbe bakteria anamtumia dalali! Kijimolekuli kidogo kinachukua elektroni kwa bakteria, kinatoka nje, kinaikabidhi rangi, kinarudi kuchukua nyingine. Dalali mmoja anazunguka mara nyingi. Waholanzi wa Wageningen mwaka 2001 wakaonyesha kwamba hata kaboni iliyoamilishwa, yaani mkaa uliotayarishwa maalumu, unaweza kufanya udalali huo ndani ya tangi.

Sasa lile swali. Mwenzangu wa chumba, ambaye anasoma biashara na anajua kuuliza, aliniambia, "Mkuu, kama rangi imetoka si basi? Mwagia mtoni." Hapa ndipo ninapowaomba mkumbuke Prontosil na benzidini. Kipande kisicho na rangi ndicho kilichokuwa na nguvu. Tangi la kwanza likifanya kazi yake vizuri, unapata maji maangavu yenye amini za aromatiki, na baadhi yake ni zile zile zilizowaua wafanyakazi wa viwanda vya rangi. Tangi la pili lenye hewa ndilo linalopaswa kuzimaliza. Zipo zinazomalizika haraka, zipo ngumu, na zipo zinazogeuka kahawia zikikutana na hewa, ukabaki unashangaa rangi imerudi vipi. Ujerumani ililielewa hilo kwa upande wa nguo: mwaka 1994 ikapiga marufuku kwenye nguo rangi za azo zinazoweza kuachia amini za hatari, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002 kwa orodha ya amini 22. Sababu mojawapo ni kwamba bakteria wa ngozi na wa tumboni wanaweza kuikata kamba ile ile.

Hiyo ni kwa mvaaji wa Ulaya. Kwa anayemwagilia mchicha bonde la Msimbazi je? Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya maji za 2007, na rangi ya maji inapimwa. Mimi naona kupima rangi peke yake ni kumzawadia mtu aliyejenga tangi moja badala ya mawili, maana tangi la kwanza ndilo linalofurahisha macho na la pili ndilo linalokula umeme. Ofisa akisimama ukingoni anaona maji yamenyooka, anaandika "safi", anapanda gari. Vipimo vya amini vidaiwe, ghali au si ghali.

Na si kwamba hapa kwetu hakuna aliyejaribu. Mwaka 2005 Mbuligwe, wakati huo UCLAS kabla haijawa Chuo Kikuu cha Ardhi, alichapisha kazi yake juu ya maji ya batiki ya Dar. Aliyapitisha kwenye vitanda vya changarawe vilivyooteshwa mimea, kimojawapo magimbi, na kingine hakikuoteshwa kitu. Vile vyenye mimea vilipunguza rangi mbali sana kuliko kitupu. Wengine wanadhani mimea inakunywa rangi. Tukitumia yale ya utumbo wa panya na ya tangi mbili, kitanda kama hicho kina pembe zisizo na hewa kabisa katikati ya changarawe, na pembe zenye hewa kidogo karibu na mizizi. Bakteria wana vyumba vyao vyote viwili mle ndani, bila pampu, bila bili ya TANESCO.

Batiki yenyewe lakini ina mambo yake. Mama zetu wengi wanatumia rangi ambazo haziyeyuki mpaka uweke kostiki soda na haidro, halafu kitambaa kikitoka kwenye ndoo na kupigwa hewa rangi inatokea mbele ya macho yako. Ni kemia ile ile ya nili, ile ya kaniki za zamani. Na kabla haidro haijauzwa dukani, nani alikuwa anafanya kazi yake? Ni hao hao. Watia nili wa Kano na wa Ulaya walikuwa wanaivundika kwenye mashimo na mapipa, bakteria wanaipa elektroni, nili inapoteza ubluu wake na kuyeyuka, nguo inaloweshwa, hewa inairudishia rangi. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza walimpa jina mmoja wa mafundi hao, Clostridium isatidis, waliyempata kwenye pipa la kutia nili kwa njia ya kale. Kwa hiyo alipozaliwa Perkin, bakteria walikuwa wameshaajiriwa na watia rangi karne nyingi, na vimeng'enya vinavyokata azo leo vingi vina kazi zake nyingine za kila siku ndani ya seli. Rangi za azo zimewakuta mlangoni tu.

Saa tano usiku sasa, jamaa ananuna taa izimwe, na kesho saa mbili asubuhi kuna praktiko. Gram tena.